Kuchagua kigumba cha mshale kisichokuangusha mbele ya mnyama mkubwa

Mshale hauna kishindo cha risasi. Unaua kwa kukata mishipa ya damu na kutoboa mapafu, na kazi hiyo yote hufanywa na kipande cha chuma cha gramu sita hadi ishirini kiitwacho kigumba, kilichofungwa mbele ya uti, yaani fimbo ya mshale. Kikipinda, kikimeguka au kikifika butu, upinde wa bei yoyote ile hauna msaada. Katika miombo ya Tabora, kuanzia Sikonge mpaka Urambo na Kaliua, matokeo ya kigumba kibovu yanajulikana: swala mkubwa kama korongo au pofu anaondoka na chuma begani, damu inakatika baada ya hatua mia mbili, wafuata nyayo wanatembea mpaka jua linazama, na mnyama anateseka siku kadhaa bila faida kwa mtu yeyote. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuwinda kwa upinde kihalali, na kwa waongozaji wa kambini ambao ni lazima wakague mishale ya mgeni kabla hawajamsogeza karibu na mnyama.

Kwanza kibali. Kuwinda kwa upinde kunahitaji leseni sawa na kuwinda kwa bunduki, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na mlango wa kuanzia ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Uliza waziwazi kama karatasi uliyopewa inakuruhusu kutumia upinde. Usidhani ruhusa ya bunduki inaubeba. Sumu kwenye mshale ni marufuku. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopata hadhi hiyo mwaka 2019, hakuna kuwinda hata kidogo, na maeneo ya jumuiya za kuhifadhi wanyamapori kama Ipole na Uyumbu yana taratibu zake za kuingia.

Uimara kwanza, upana baadaye

Wanunuzi wengi huanza kwa kuangalia upana wa mkato. Boksi linasema milimita 50, macho yanang'aa. Kwa mnyama mwembamba kama swala pala upana unaweza kusaidia. Kwa kongoni, palahala, korongo, pofu na nyati, swali la kwanza ni hili: kikigonga mfupa, kitabaki kizima? Kigumba chembamba kilichopita mbavu zote na kutokea upande wa pili kinaacha matundu mawili ya kutolea damu. Kigumba kipana kilichokwama kwenye bega kinaacha tundu moja, nalo mara nyingi huzibwa na ngozi mnyama anapokimbia.

Kwa hiyo tafuta kigumba cha makali yasiyokunjuka, kilichochongwa kutoka kwenye kipande kimoja cha chuma au kilichounganishwa kwa kulehemu vizuri. Vile vinavyoruka vikiwa vimefumbwa na kufunguka vinapogonga tusingevishauri kwa mnyama yeyote mzito kuliko swala pala. Sababu zake ni tatu. Kufunguka kwenyewe kunakula nguvu ya mshale, kwenye ngozi, kabla kazi ya ndani haijaanza. Nyembe zake ni nyembamba na zinaning'inia kwenye pini ndogo, basi mfupa ukizishika kwa pembeni zinakatika. Ya tatu ni ya huku kwetu: nyembe hushikiliwa na kipete cha mpira au plastiki, na joto la Oktoba ndani ya gari lililofungwa hulegeza mpira huo. Ukipita kwenye nyasi ndefu wembe mmoja unafunguka, na mshale unakwenda kombo.

Vigumba vyenye nyembe tatu za kubadilisha viko katikati. Vinaruka vizuri, na wembe ukibutuka unaweka mpya. Angalia unene wa wembe kwa kalipa: chini ya milimita 0.7 viache kwa wanyama wadogo. Angalia pia shina. Shina la aluminiamu hupinda pale linapokutana na uzi wa skrubu, hasa mshale unapogonga mfupa kwa mshazari. Shina la chuma au titaniamu linastahimili zaidi.

Kwa mnyama mzito, chaguo letu ni kigumba cha makali mawili, kirefu na chembamba, chenye unene wa milimita 1.5 au zaidi. Umbo lake lina maana. Urefu ukikaribia mara tatu ya upana, tuseme upana milimita 28 na urefu 80 hivi, kigumba kinafanya kazi kama kabari yenye mteremko mdogo: kinahitaji nguvu kidogo kupasua njia. Dr. Ed Ashby, aliyechunguza upenyaji wa mishale kwenye wanyama halisi huko Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, aliweka uimara wa mshale mzima juu ya orodha yake ya mambo yanayoamua upenyaji. Kitu kikivunjika, mengine yote hayana kazi tena.

Ncha nayo isiwe nyembamba kama sindano. Ncha ya sindano hujikunja kama ndoano inapogusa mfupa, na ikishajikunja inaburuza badala ya kukata. Ncha bora imekatwa pembe butu kidogo, kama ya patasi, ili chuma kiwe kingi pale mwanzo wa mgongano.

Kuna vigumba vilivyonolewa upande mmoja tu wa kila makali. Hivi hujizungusha vinapopenya na husaidia kupasua mfupa badala ya kukwama ndani yake. Vina sharti moja ambalo watu hulisahau: mteremko wa makali na mpindo wa manyoya lazima viende upande mmoja. Makali ya kulia, manyoya ya kulia. Ukichanganya, mshale unaruka ukizunguka huku, kisha kigumba kinataka kuzunguka kule, na nguvu inapotea katika mvutano huo.

Chuma chenyewe

Watengenezaji wazuri huandika ugumu wa chuma kwa kipimo cha Rockwell. Kati ya 52 na 56 ni pazuri. Chini sana, makali yanalala. Juu sana, yanameguka kama kioo. Kama hakuna kilichoandikwa, chukua tupa nzuri ya kawaida ukapitishe kwa upole sehemu ya nyuma ya bapa. Tupa ikizama kama kwenye msumari, chuma ni laini, kiache. Ikiteleza kabisa bila kung'ata, ni kigumu mno na makali yatameguka. Unachotaka ni tupa inayong'ata kwa shida.

Vigumba vya mhunzi vinastahili maneno machache, kwa sababu Unyamwezi ni nchi ya wahunzi tangu zamani na chuma cha kuanzia si kibaya: bamba la springi ya gari lina uwezo wa kutoa makali imara kabisa. Tatizo liko kwenye moto. Chuma lazima kipashwe mpaka sumaku isishike tena, kizamishwe kwenye mafuta, kisha kirudishwe moto mdogo mpaka sehemu iliyosuguliwa ionyeshe rangi ya majani makavu. Hatua hii ya mwisho ikirukwa, kigumba kinavunjika vipande viwili kwenye bega. Ikizidishwa moto, kinapinda. Tatizo la pili ni usawa: vigumba sita vya mkono mmoja huweza kutofautiana gramu mbili nzima, na kila mshale ukaangukia mahali pake. Vikiwa vimepimwa, vikasawazishwa kwa tupa na kujaribiwa kama ilivyoelezwa hapa chini, vinafaa kwa upinde wa mti kwa umbali mfupi. Kwa upinde wa kapi, wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake na unaorusha kwa kasi kubwa, bora vya kiwandani.

Uzito

Uzito kwenye boksi huandikwa kwa greini. Greini 100 ni gramu 6.5, 125 ni gramu 8.1, 200 ni gramu 13. Mizani ya sonara inayosoma mpaka 0.01 inatosha kukagua. Vigumba vya boksi moja visitofautiane zaidi ya greini mbili, yaani gramu 0.13.

Uzito wa kigumba hauchaguliwi peke yake. Pima mshale mzima. Kwa swala pala na ngiri, mshale wa gramu 26 hadi 29 unatosha. Kwa kongoni, korongo na palahala, gramu 32 hadi 39. Kwa pofu na nyati usishuke chini ya gramu 42, sawa na greini 650; Ashby aliona kuwa kuanzia hapo mshale hupasua mfupa mzito mara nyingi zaidi kuliko ulio chini yake. Na nyati hasogelewi kwa upinde bila mwongozaji mwenye bunduki nzito pembeni, tayari.

Watu hubishana kuhusu kasi, basi tuweke hesabu. Mshale wa gramu 32.4 unaokwenda mita 79 kwa sekunde na mwingine wa gramu 45.4 unaokwenda mita 67 kwa sekunde wana nishati karibu ileile, takriban juli 101 na 102. Lakini ukizidisha uzito, kwa kilo, kwa kasi, wa kwanza unapata 2.6 na wa pili 3.0. Hiyo tofauti ndiyo inayousukuma mshale uendelee mbele baada ya kukutana na ngozi, nyama na ubavu. Mshale mwepesi hukimbia haraka na kusimama haraka.

Uzito uwe mbele. Pima urefu wa mshale kutoka shimo la noki, kipande cha nyuma kinachoshika uzi wa upinde, hadi mwisho wa uti, kisha usawazishe mshale, kigumba kikiwa kimefungwa, juu ya ukingo wa kisu ujue unapolala sawa. Mshale wa sentimita 74 unaolala sawa kwenye sentimita 48 kutoka noki: nusu ya urefu ni 37, tofauti ni 11, na 11 kwa 74 ni karibu asilimia 15. Kwa mnyama mkubwa hicho ni kiwango cha kuanzia.

Tahadhari: ukiongeza uzito mbele, uti unajipinda zaidi unapoachiwa. Ukitoka greini 100 kwenda 200 bila kubadilisha uti, mishale itaanza kutapatapa. Ongeza kigumba, ongeza ugumu wa uti.

Maungio, mahali mishale hufia

Mara nyingi kigumba hurudi kizima, uti ukiwa umepasuka sentimita tatu nyuma yake. Ndani ya uti wa kaboni kuna kipande chenye uzi wa skrubu, mafundi hukiita insati, ambacho ndicho hushika kigumba. Kigumba kikigonga mfupa, insati ya aluminiamu husukumwa nyuma ndani ya uti na kuupasua kama gogo. Tumia insati ya shaba nyeupe au chuma, na vesha mdomo wa uti kipete cha chuma kwa nje. Uzi wa skrubu uliozoeleka duniani huitwa 8-32, kipenyo chake kama milimita 4.2, hakikisha vigumba na insati vyote ni vya kipimo hicho, maana kipo kingine kidogo zaidi, na fundi akilazimisha, uzi unakufa.

Kufunga insati: sugua mdomo wa uti kwa msasa laini hadi uwe mraba kabisa, safisha ndani kwa pamba yenye spiriti, acha ukauke, paka gundi ya epoksi kwenye insati, izungushe unapoiingiza ili gundi ienee, kisha acha saa 24. Gundi ya kuyeyusha kwa moto ni rahisi, ila gari likiachwa juani hulegea, na kigumba kinabaki ndani ya mnyama wakati uti unatoka.

Kagua unyoofu. Funga kigumba, simamisha mshale ncha ikiwa juu ya kipande cha kioo au ukucha, uzungushe kwa vidole kama pia. Ncha ikitulia mahali pamoja, sawa. Ikichora duara, jaribu kigumba hicho kwenye uti mwingine. Kikiendelea kuyumba, kosa ni la kigumba. Kikitulia, kosa ni la uti au insati ya kwanza.

Jaribio la bega la ng'ombe

Nenda buchani ununue mfupa mbichi wa bega la ng'ombe, ule mpana. Uegemeze kwenye gunia lililojazwa mchanga, nyuma yake kuwe na kichuguu au ukingo wa udongo, na pasiwe na mtu wala mfugo upande huo. Piga mshale mmoja kutoka mita 15, kwenye sehemu bapa. Chomoa, osha, kagua kwa kioo cha kukuzia. Ncha imejikunja? Makali yamemeguka zaidi ya milimita moja? Zungusha tena juu ya kioo: shina limepinda? Uzi wa skrubu unafunguka kwa mkono? Kigumba kinachopita mtihani huu na bado kinakata karatasi baada ya kunolewa kidogo kinastahili kuaminiwa. Kilichopinda, usikinyooshe. Unachopoteza ni kigumba kimoja na mfupa wa supu.

Makali

Kigumba kipya si lazima kiwe kikali. Vingi vinatoka kiwandani vikiwa na makali ya kukata kamba tu. Mshipa wa damu ni laini na unateleza. Makali butu yanausukuma pembeni, makali ya wembe yanaukata kwa kuugusa. Na kidonda kilichokatwa safi kinachelewa kuganda damu kuliko kilichochanwa.

Paka makali rangi ya maka peni. Shika kigumba kwa nyuzi 20 kila upande kwa makali ya pande mbili, au fuata mteremko wake wa asili, mara nyingi nyuzi 25, kwa makali ya upande mmoja. Vuta mara mbili juu ya kinoo kisha uangalie rangi imefutika wapi: ikifutika juu tu, umelaza mno, ikifutika ukingoni tu, umeinua mno. Noa mpaka uhisi kwa kidole, upande wa pili, kiukingo chembamba cha chuma kilichojikunja urefu mzima. Hapo geuza. Maliza kwa kinoo laini na mwisho mkanda wa ngozi, mara 20 kila upande, ukivuta kuelekea nyuma ya makali ili kiukingo kile kitoke. Vigumba imara vya makali matatu ni rahisi zaidi: laza bapa mbili kwa pamoja juu ya kinoo, zinajiweka pembe zenyewe, sukuma mbele, kisha zungusha kwenye jozi inayofuata kwa idadi ileile ya misukumo.

Kupima: tandaza raba bendi kwenye fremu ndogo ya kijiti, ivutike, kisha iguse kwa makali bila kukandamiza. Ikikatika papo hapo, tayari. Ikisukumwa kwanza ndipo ikatike, rudi kwenye kinoo.

Kuvirusha sawa

Ncha za mazoezi zikipiga pamoja haimaanishi vigumba vitapiga hapo. Bapa ni bawa dogo mbele ya mshale. Upinde usiporekebishwa, bawa hilo ndilo linaloongoza. Piga mishale mitatu ya ncha za mazoezi kutoka mita 20, kisha mitatu ya vigumba vya uzito uleule. Vigumba vikiangukia kushoto, sogeza kilalio cha mshale kulia, nusu milimita kwa wakati. Vikiangukia chini, inua kilalio vivyo hivyo. Kanuni ni kusogeza kuelekea walipo wenzao wa mazoezi. Rudia kwa mita 30. Vigumba vikitawanyika ovyo badala ya kukusanyika upande mmoja, usiguse kilalio: kagua unyoofu na ugumu wa uti.

Sikiliza pia. Vigumba vyenye matundu makubwa kwenye bapa hupiga mluzi. Mshale wa mita 75 kwa sekunde unatumia sekunde 0.4 kufika mita 30, wakati sauti inafika kwa chini ya 0.1. Swala pala ana muda wa kutosha kuinama, na mshale wa mapafu ukapita juu ya mgongo. Bapa zisizo na matundu ni kimya zaidi, ila upepo wa pembeni unazisukuma kidogo.

Porini

Podo liwe na kifuniko kigumu kinachofunika vigumba vyote. Sponji ya podo hubutua makali kila unapochomeka na kuchomoa. Kwa hiyo mshale wa kwanza kupigwa noa upya kila jioni, hata kama haukutumika. Mvua za Novemba zikianza, kutu inakula makali kwa usiku mmoja. Paka mafuta ya cherehani kiasi cha kung'arisha tu.

Funga na fungua kigumba kwa spana yake, kamwe si kwa vidole. Mshale uliogonga mti au jiwe usirudi podoni mpaka umeukagua, na ukunje uti karibu na sikio: ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje utupe.

Mnyama akishapatikana, kazi ya kigumba haijaisha. Kabla wachunaji hawajaingiza mikono, tafuta mshale wote na hesabu nyembe. Wembe mmoja usipoonekana, waambie, waonyeshe mshale uliingilia wapi na kutokea wapi, na sehemu hiyo ifunguliwe kwa kisu, polepole, bila mkono kutangulia. Nyama inayozunguka njia ya mshale ikatwe na kuwekwa kando mpaka chuma chote kihesabiwe. Nyembe zilizovunjika ziingie kwenye kopo lenye kifuniko, lirudi mjini na gari.